Chujio la tangi la samaki wa mapambo: piga hesabu ya chakula kwanza

Leo naongea na vijana mnaotaka kutunza samaki wa mapambo wa Ziwa Tanganyika kibiashara hapa Sumbawanga. Hawa ni jamii ya perege, wataalamu huwaita sikilidi. Wanunuzi wa nje wanawajua mpaka kwa majina ya vijiji vyetu, mfano trofeusi wa Kasanga. Ila samaki akifia kwenye tangi hakuna wa kukulipa, na muuaji mkubwa kwenye tangi jipya ni amonia.

Kwa nini amonia ni hatari zaidi kwetu

Maji ya ziwa lile yana pH karibu 9, na samaki wake wamezoea hivyo. Kwenye pH 7, amonia iliyo katika hali ya sumu haifiki asilimia 1. Kwenye pH 9, maji yakiwa nyuzi 25, inapita theluthi moja. Kwa hiyo uchafu ambao sato kwenye bwawa la kawaida anauvumilia, huku unaua.

Hesabu

Gramu 100 za chakula chenye protini asilimia 40 huzalisha karibu gramu 3.7 za amonia. Kwenye tangi la lita 1,000 hizo ni miligramu 3.7 kwa lita, kila siku. Wanaoiondoa ni bakteria wanaoishi ndani ya chujio. Ndiyo maana chujio lichaguliwe kwa kiasi cha chakula unachomwaga. Lita za tangi peke yake hazitoshi kuamua.

Uchague lipi?

- *Sponji na pampu ya hewa:* bei nafuu, nzuri kwa vifaranga. Kwa tangi kubwa haitoshi peke yake.
- *Chujio la kopo lililofungwa:* safi na halina kelele. Umeme ukikatika, bakteria waliofungiwa humo hukosa oksijeni mapema. Ukirudi, mwaga kwanza maji yaliyolala ndani.
- *Tangi la chini au pipa:* maji hushuka, hupita kwenye sponji, kisha kwenye vipande vingi vya plastiki au kokoto ambako bakteria hukaa, halafu pampu huyarudisha juu. Kwa tangi la kuanzia lita 500, mimi nakushauri hili. Lina nafasi kubwa, maji yanapata hewa, na fundi wa mtaani anaweza kukutengenezea.

Hewa si jambo dogo. Sisi tuko kama mita 1,800 juu ya usawa wa bahari, maji yetu hayabebi oksijeni kama ya Dar. Baridi ya Juni na Julai nayo inawapunguza kasi bakteria. Weka hita, maji yakae nyuzi 24 hadi 27.

Pampu na umeme

Tafuta pampu ya kuzungusha maji yote mara 4 hadi 5 kwa saa. Namba ya kwenye boksi hupimwa bila kupandisha maji, hivyo nunua yenye nguvu zaidi kidogo. Pampu ya wati 60 ikiwaka saa 24 inakula uniti 1.44 kwa siku. Zidisha kwa bei ya uniti unayolipa kabla hujanunua.

Umeme ukikatika, maji ya juu yatashuka. Acha nafasi kwenye tangi la chini, na toboa kitundu kwenye bomba la kurudisha, chini kidogo ya usawa wa maji, livute hewa na kuacha kunyonya. Pampu ya hewa ya betri isikosekane.

Usiharakishe

Bakteria wanahitaji wiki 4 hadi 6 kujijenga. Anza na samaki wachache, pima amonia na naitraiti, ongeza vyote viwili vikisoma sifuri. Ukisafisha, suuza sponji kwa maji ya tangi lenyewe, maana klorini ya bombani inaua bakteria. Vipande vya bakteria usivioshe vyote siku moja.

Na kabla ya kukusanya au kusafirisha samaki, pita kwa afisa uvuvi wa halmashauri akueleze vibali. Kazi njema.