Presha na daftari la kijiji

Majuzi mvua ya Tukuyu ilinikimbizia kwenye kibanda cha mama mmoja muuza ndizi. Nilimwamkia, akanipa kigoda. Nikaona anapanga mafungu kwa mkono wa kushoto tu. Wa kulia ulilegea baada ya kiharusi.

"Mwanangu," aliniambia, "walinipa vidonge vya mwezi mmoja, kichwa kikaacha kuuma, nikajua nimepona." Kilipoanza tena akarudi, akaambiwa dawa zimekwisha, akanunue dukani. Hakuwa na fedha.

Presha ni nguvu ya damu inayosukuma kuta za mishipa. Ikizidi kwa miaka mingi, kuta hukakamaa, moyo huelemewa, figo huchoka. Mshipa wa ubongo ukiziba au kupasuka, ndicho kiharusi hicho. Na mara nyingi presha haiumi kabisa. Vidonge huishusha tu. Ukiviacha, inapanda tena. Ndiyo maana dawa ya mwezi mmoja haitoshi.

Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2012 ulikuta kuwa, kati ya Watanzania wa miaka 25 hadi 64, takriban mmoja katika kila wanne ana presha ya juu, na tisa katika kila mia wana kisukari. Serikali haikulala: mwaka 2019 ilizindua mpango wa taifa wa magonjwa yasiyo ya kuambukiza, na mwaka 2023 Bunge likapitisha sheria ya bima ya afya kwa wote. Karatasi tunazo.

Lakini sisi wa Rungwe tumeona Serikali inavyoweza ikiamua. Kandokando ya mito yetu kuna usubi, nzi mdogo aenezaye ugonjwa wa upofu. Wagawa dawa waliochaguliwa na vijiji wenyewe walipita kwenye matope haya haya, wakipima watu urefu kwa fimbo na kuwapa Mectizan bure. Mtaniambia dawa ile ni msaada wa kampuni ya Merck, tena humezwa mara moja kwa mwaka. Kweli. Ila kazi iliwezekana kwa sababu kila kaya iliandikwa kwenye daftari. Daftari la wenye presha liko wapi?

Naomba kila zahanati iwe na kipimo kizima na vidonge visivyokatika, na mgonjwa asiyetokea atafutwe nyumbani. Chumvi nayo iwekewe sheria. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima ale chini ya gramu 5 kwa siku, yaani pungufu kidogo ya kijiko cha chai. Afrika Kusini ilianza mwaka 2016 kuweka kikomo cha chumvi kwenye mkate na vyakula vingine vya viwandani. Sisi tunangoja nini?

Mvua ilipokatika nilinunua mafungu mawili. Mama alishindwa kufunga mfuko, akamwita mjukuu.