Mwaka 1445 Kwenye Kompyuta: Hitilafu au Mpangilio?

Kompyuta ya nyumbani iliyonunuliwa Riyadh au Jeddah huweza kumshangaza mwenyewe siku ya kwanza tu anapoiwasha. Mwaka 2024 ulipoanza, kompyuta iliyopangwa kwa kalenda ya Saudi Arabia ilionyesha 1445. Tarakimu nazo huenda zikawa za Kiarabu, ambapo sifuri ni nukta na tano ni duara dogo linalofanana na sifuri yetu.

Wengi hudhani mtambo umeharibika, wakaupeleka kwa fundi, naye fundi akafuta kila kitu na kuingiza programu upya. Picha za familia na nyaraka zisizo na nakala hupotea hapo, kwa tatizo ambalo halikuwa tatizo.

Ni vyema, msikilizaji, kutenganisha mambo mawili. Ndani ya kompyuta mna saa inayohesabu wakati bila kujali dini wala nchi. Kalenda unayoiona kwenye skrini ni namna tu ya kuuandika wakati huo. Katika programu ya Windows, namna hiyo huchaguliwa kwenye mipangilio ya nchi na lugha, ambayo katika matoleo ya zamani hutambulishwa kwa picha ya tufe la dunia. Ukibadilisha kalenda kutoka ya Hijria kwenda ya Miladia, hakuna faili litakaloguswa.

Kipimo chepesi ni kuutazama mwaka wenyewe. Ukiwa ni 1400 na ushei, hiyo ni kalenda. Lakini ukiwa ni 2002 au 2009, na hurudi huko kila umeme unapozimwa, basi betri ndogo iliyo kwenye ubao mkuu imekwisha nguvu. Ni betri ya duara mfano wa sarafu, ya volti 3, na kwa kawaida huandikwa CR2032. Dalili yake nyingine ni kwamba tovuti za benki na za barua pepe hukataa kufunguka, kwa kuwa vyeti vyao vya usalama vina tarehe ya kuanza na ya kumalizika, na kompyuta inaamini kwamba tarehe ya kuanza bado haijafika.

Kwa mgeni anayefanya kazi Saudi Arabia, kalenda si pambo. Mwaka wa Hijria una siku 354 au 355. Kwa miaka mingi, vibali vya ukaazi, yaani iqama, vilihesabiwa kwa mwaka huo, na aliyehesabu miezi 12 ya Miladia alijikuta amechelewa kwa siku 10 au 11. Serikali ilianza kuwalipa watumishi wake kwa kalenda ya Miladia Oktoba 2016, na mwezi Novemba 2023 Baraza la Mawaziri likaidhinisha kalenda hiyo kwa shughuli rasmi, isipokuwa zile zinazofungamana na sharia. Hata hivyo karatasi za zamani bado zimo makabatini. Anayezisoma kwa msaada wa kompyuta na achague kalenda ya Umm al-Qura, ndiyo rasmi nchini humo. Windows ina kalenda nyingine ya Hijria inayokwenda kwa hesabu tupu, na hizo mbili huweza kupishana kwa siku moja.

Neno la siri nalo huwatesa wengi. Linaandikwa sawasawa, linakataliwa. Kwa kuwa herufi zake hufichwa kwa nukta, mtu haoni kwamba kibodi inaandika Kiarabu. Bonyeza Alt ya kushoto pamoja na Shift, kisha ujaribu tena kabla ya kumlaumu mtoto.

Saa haina shida kubwa, kwani Riyadh, Nairobi na Dar es Salaam zote ziko saa tatu mbele ya saa za Greenwich. Asiyestahili kuchaguliwa kwenye kompyuta kongwe ni Baghdad, maana Iraq ilikuwa ikisogeza saa majira ya joto hadi mwaka 2007.

Jambo moja tu linaweza kuiua kompyuta kweli, nalo ni umeme. Nyumba nyingi za zamani za Riyadh na Jeddah zina soketi za volti 127 na za volti 220 katika jengo lilelile. Mwaka 2010 iliamuliwa nchi ihamie volti 230 hatua kwa hatua. Nyuma ya kompyuta nyingi za mezani za miaka hiyo kuna swichi ndogo nyekundu yenye maandishi 115 na 230. Ikiwa kwenye 230 nawe ukachomeka kwenye volti 127, kompyuta haitawaka, basi. Ikiwa kwenye 115 nawe ukaichomeka Mombasa au Unguja, utasikia mlio na kunusa moshi. Itazame kabla ya kufunga mzigo. Chaja ya kompyuta ya mkononi iliyoandikwa 100–240 haihitaji kubadilishwa kitu, ila labda umbo la pini zake.