Weupe Unaoonekana kwa Siki

Mama anayekwenda kupimwa saratani ya mlango wa kizazi mara nyingi hakutani na mashine kubwa. Muuguzi humwangazia taa, huchovya pamba kwenye siki ya asilimia 3 hadi 5, hupaka mlango wa kizazi, kisha husubiri dakika moja. Rangi ya waridi ikibaki ilivyo, ni dalili njema. Likitokea baka jeupe, nene, lenye kingo zinazoonekana, hapo pana jambo.

Weupe huo ni protini. Ukikaanga yai, ute uliokuwa ukipitisha mwanga huganda na kuwa mweupe, maana protini zake zimebadilika umbo. Siki nayo huzigandisha protini za seli kwa muda mfupi. Seli iliyokomaa vizuri ina kiini kidogo, kwa hiyo haibadiliki sana. Inayoelekea kwenye saratani ina kiini kilichovimba, kimejaa protini, na ndiyo inayong'aa.

Kwa nini kiini kivimbe? Mhusika mkuu ni kirusi cha HPV. Aina ya 16 na ya 18 pekee husababisha takriban asilimia 70 ya saratani hizi. Ndani ya kiini kuna protini mbili za ulinzi. Rb huizuia seli isigawanyike ovyo. P53 hukagua vinasaba, na vikiharibika huisimamisha seli au huiamuru ife. Kirusi huleta protini zake: E7 humshika Rb, na E6 humpeleka p53 kwenye mtambo ambao seli hutumia kusaga protini zilizokwisha kazi. Seli inabaki ikigawanyika bila wa kuikemea.

Hapa ndipo watafiti wanapopatazama kwa hamu, nami naona wana haki. Katika saratani nyingi nyingine, kinasaba cha p53 chenyewe huwa kimeharibika. Hapa kwa kawaida ni kizima: seli inaendelea kumtengeneza mlinzi, naye anasagwa kila anapozaliwa. Dawa ya kumfunga E6 ingemrudisha kazini.

Baka jeupe si hukumu, kwani hata uvimbe wa kawaida huweza kung'aa. Mengi yanayothibitishwa mapema hutibiwa kwa kugandishwa au kuchomwa kwa kifaa cha joto, mara nyingine siku hiyohiyo. Chanjo, iliyoanza kutolewa nchini Tanzania Aprili 2018 kwa wasichana wa miaka 14, humzuia mvamizi asifike kwenye kiini. Mama wa msichana kama huyo, ambaye huenda amekwishakutana na kirusi, bado anaihitaji ile dakika moja ya siki.