Skopje, na Wema wa Dada Wawili

Wasafiri wengi huupita mji wa Skopje, mji mkuu wa Makedonia Kaskazini, bila kuutupia jicho. Sisi tulikaa siku tatu, tukashukuru.

Siku ya kwanza tulizunguka soko kongwe, tukaswali adhuhuri katika Msikiti wa Mustafa Pasha, uliojengwa mwaka 1492. Siku ya pili tulikwenda korongo la Matka, mwendo mfupi wa gari. Njia ya miguu imechongwa ubavuni mwa jabali, na chini yake ziwa lililofanyika kwa kuzuiwa mto Treska. Mama watoto aliogopa, tukaenda polepole.

Siku ya tatu ilikuwa Tetovo, upande wa magharibi. Hapo pana Msikiti wa Rangi, uliopambwa ndani na nje. Wenyeji husimulia kwamba uligharimiwa na dada wawili, Hurshida na Mensure, mwaka 1438. Nao wamezikwa uani. Mama watoto alisimama penye kaburi, akatuuliza: "Lau wangalinyimwa mirathi yao, wangalijenga kwa mali gani?"

Hatukuwa na jibu. Dada zetu wawili wangali wakingoja fungu lao katika shamba la marehemu baba. Ijumaa hii, inshallah, tunakaa kikao cha kuwapa haki yao.