Dizeli, petroli au gesi: hesabu mpya za mwenye tela Kigongo

Mpaka katikati ya mwaka 2025, mwenye lori aliyetoka Mwanza kwenda Geita alikuwa na gharama moja ambayo hakuna injini ingempunguzia: foleni ya kivuko pale Kigongo. Lori lilisimama saa mbili, saa tatu, na siku mbaya lililala. Dereva alijinyoosha kivulini chini ya tela, utingo akashuka kutafuta samaki wa kukaanga. Katika hali hiyo lita kumi za mafuta, zaidi au pungufu, hazikumnyima tajiri usingizi. Faida ilikuwa inaliwa na maji.

Tarehe 19 Juni 2025 Rais Samia Suluhu Hassan alizindua Daraja la J.P. Magufuli, kilomita 3 kutoka Kigongo, Misungwi, hadi Busisi, Sengerema, lililogharimu zaidi ya shilingi bilioni 700. Kuvuka sasa ni dakika chache. Foleni imefutika, na kinachosoma juu kabisa kwenye daftari la mwenye lori ni mafuta. Kwa hiyo anayetaka kununua gari la kuvuta tela leo ana sababu ya kuuliza upya: linywe nini?

Kwa mzigo mzito jibu bado ni dizeli, na sababu iko ndani ya silinda. Injini ya dizeli haina plagi. Hewa inabanwa mara 16 hadi 18 mpaka inapata moto mkali, nozeli ikinyunyiza mafuta yanajiwakia yenyewe. Ya petroli hubana mara 9 hadi 11 tu. Ukiizidishia inaanza kugonga. Kubana huko ndiko kunakoifanya dizeli itoe kazi nyingi kwa kila lita, na lita yenyewe ina nishati zaidi ya ile ya petroli kwa karibu asilimia 10 au zaidi kidogo. Chukua Scania R420: injini ya lita karibu 12, nguvu ya kuzungusha nyutoni-mita 2,100, na inaitoa ikiwa kwenye mizunguko 1,100 hadi 1,350 tu kwa dakika. Hapo ndipo dereva anapoupanda mlima wa Sekenke na tela lililoshiba bila kuipigisha injini kelele.

Semi ya namna hiyo huchoma lita 40 hadi 50 kwa kilomita 100. Dar es Salaam hadi Mwanza, takriban kilomita 1,150, ni kama lita 500 kwenda peke yake. EWURA, mdhibiti wa nishati nchini, hutangaza bei kikomo Jumatano ya kwanza ya kila mwezi, na Mwanza hulipa zaidi ya Dar kwa sababu mafuta nayo yamesafiri kwa lori mpaka huku. Dereva mwenye akili hujaza pwani, akaingia Kanda ya Ziwa tangi likiwa bado na kitu.

Kwa tela dogo mambo hubadilika. Mtu wa Mwanza mwenye boti ya kushushia ziwani, au anayevuta jenereta na vifaa vya ujenzi, hatafuti Scania. Anatafuta Land Cruiser. Na hapa wengi hukosea kwa kudhani dizeli ina nguvu zaidi siku zote. Injini ya 1HZ, dizeli ya lita 4.2 isiyo na tabo, hutoa karibu nyutoni-mita 285. Ya petroli ya lita 4.5, 1FZ-FE, hufika karibu 390. Petroli ndiyo yenye nguvu! Ila 1HZ inafikia kilele chake kwenye mizunguko kama 2,200, mwenzake mpaka ipande 3,600, na kila ikipanda inakunywa. Kama boti yako inatoka Kapripoint kwenda mwaloni mara mbili kwa mwezi, nunua ya petroli bila woga: bei ya kununua mara nyingi ni nafuu na plagi ni vitu vya kawaida dukani. Kama ni Geita na kurudi kila wiki, dizeli itajilipa.

Jambo ambalo wauzaji hulipitia haraka ni nozeli. Dizeli za kisasa husukuma mafuta kwa shinikizo la zaidi ya baa 1,500, na tundu la nozeli ni jembamba mno. Tone la maji au mafuta ya taa yaliyochanganywa huiua. Neno kuchakachua lilituingia vinywani kwa sababu hiyo hiyo, na mwaka 2011 serikali ilipandisha kodi ya mafuta ya taa ili kuikata biashara ya kuyachanganya na dizeli. Mwambie fundi wako amwage maji ya kwenye chujio kila wiki. Kazi ya dakika tano. 1HZ ya zamani inavumilia uchafu, na kwa mtu aliye mbali na karakana naipendelea kuliko dizeli mpya yenye kompyuta.

Kuhusu gesi asilia, Tanzania inayo, ya Songo Songo tangu 2004 na ya Mnazi Bay, na Dangote kule Mtwara anaendeshea malori yake ya saruji. Kwa kilo moja ya gesi unapata nishati ya lita moja na zaidi ya dizeli. Tatizo ni mitungi. Hata ikishindiliwa kwa baa 200, gesi ya safari ile ile inahitaji nafasi mara nne au tano ya tangi la dizeli, na mitungi ya chuma ya kutosha Dar hadi Mwanza ina uzito wa takriban tani mbili au zaidi. Sheria ya Afrika Mashariki ya mwaka 2016 inaishia tani 56 kwa gari na mzigo wake, kwa hiyo kila kilo ya mtungi ni kilo ya saruji iliyobaki ghalani. Bomba nalo limetoka Mtwara likaishia Dar.

Lori la gesi tupu, kwa hiyo, ni la anayezunguka pwani. Wa Mwanza aliye na haraka ya kupunguza gharama aangalie injini ya mafuta mawili, inayochoma dizeli na gesi pamoja: anajaza gesi Dar, na ikiisha njiani injini inaendelea kwa dizeli peke yake mpaka Kigongo.