Kununua Ardhi Kandokando ya Ziwa: Muhuri wa Mwenyekiti Hautoshi (Sehemu ya Pili)

Wiki iliyopita tulieleza jinsi Sheria ya Ardhi na Sheria ya Ardhi ya Vijiji, zote za mwaka 1999 na zote zilizoanza kutumika tarehe 1 Mei 2001, zilivyoigawa ardhi ya nchi hii katika makundi matatu: ardhi ya jumla, ardhi ya hifadhi na ardhi ya vijiji. Leo tunashuka hadi kijijini kwenyewe. Tuichukue kata ya Bukundi, wilayani Meatu katika mkoa wa Simiyu, kwa sababu mambo mengi yanayomponza mnunuzi wa ardhi ya kijiji yanakutana upande ule: bonde la mto Sibiti, maziwa ya Kitangiri na Eyasi ambayo kingo zake hazitulii, malisho ya pamoja, wanyamapori, na watu wa makabila kadhaa wanaoitumia ardhi ileile kwa namna tofauti.

Wanunuzi wanaongezeka. Daraja la Sibiti limeunganisha Simiyu na Singida, mahali ambapo zamani mto ukifurika safari zilisimama, na barabara ikifunguka macho ya watu hufunguka pia. Mstaafu wa Bariadi, mfanyabiashara wa Mwanza, kijana mzaliwa wa Meatu anayefanya kazi Dar es Salaam, kila mmoja anatafuta ekari chache za kujenga, kulima na kufuga. Wote hukutana na dalali anayesema maneno yaleyale: eneo safi, halina mgogoro, mwenyekiti anagonga muhuri leo hii.

Maneno hayo ya mwisho ndiyo yanayotuhusu. Mwenyekiti wa kijiji si mwenye ardhi. Hata halmashauri ya kijiji, yenye wajumbe kati ya 15 na 25, haimiliki ardhi ya kijiji. Sheria inaitaja kuwa ni msimamizi anayetunza mali kwa niaba ya wanakijiji wote, na kila mkazi aliyefikisha miaka 18 ni mjumbe wa mkutano mkuu wa kijiji. Kwa hiyo njia za kupata ardhi pale ni mbili, na kila moja ina mlango wake. Ukiomba ardhi ya kijiji ambayo haijagawiwa mtu, halmashauri haina mamlaka ya kukupa kabla mkutano mkuu haujaridhia. Ukinunua shamba la mtu ambaye tayari analimiliki kimila, nawe ni mgeni usiyeishi wala kufanya kazi kijijini hapo, uhamisho huo unahitaji idhini ya halmashauri ya kijiji iliyokaa kikao halali. Si idhini ya mwenyekiti peke yake, wala ya mtendaji, sembuse ya mwenyekiti wa kitongoji aliyeitwa chini ya mti kushuhudia fedha zikihesabiwa.

Msimamo huu haukuanza na sheria ya 1999. Tayari mwaka 1985 Mahakama ya Rufani ilikwisha kuamua kwamba mauzo ya ardhi ya kijiji yasiyo na idhini ya halmashauri ya kijiji ni batili. Batili maana yake ni kwamba nyumba uliyojenga, miembe uliyopanda na kisima ulichochimba vimesimama juu ya ardhi ambayo kisheria hukuipata. Utabaki kumdai muuzaji fedha zako, na muuzaji amekwisha kununua ng'ombe, ameoza mwanawe, au amehamia Katavi.

Basi karatasi unayopaswa kuidai kabla ya kulipa ni muhtasari wa kikao: tarehe, majina ya waliohudhuria na saini zao, ajenda iliyotaja eneo lako kwa mipaka yake, na uamuzi uliofikiwa. Mkataba wa mauzo unakuja baada ya hapo. Wanunuzi wengi hufanya kinyume: huandikishana kwanza, hulipa, kisha huambiwa watoe asilimia kumi ya bei kwa ajili ya kijiji, na wakishatoa huamini kwamba idhini wameinunua. Sheria ya Ardhi ya Vijiji haitaji asilimia kumi ya bei popote. Ukichangia ujenzi wa darasa au zahanati kwa hiari yako, na upewe stakabadhi, ni jambo jema. Lakini mchango huo haugeuki kuwa kikao ambacho hakikufanyika.

Kuna swali jingine ambalo wageni hawaliulizi kwa kuona haya: huyu anayeniuzia aliipataje? Katika nchi ya Wasukuma swali hili linatupeleka moja kwa moja kwenye Operesheni Vijiji ya miaka ya sabini, wakati familia nyingi zilipong'olewa kwenye maeneo ya mababu na kupangwa upya vijijini. Aliyehamishwa aliacha shamba. Aliyeletwa alipewa shamba la mwingine. Miaka ya themanini watu wakaanza kudai mahakamani ardhi zao za zamani. Bunge likajibu mwaka 1992 kwa sheria iliyofuta haki za kimila walizokuwa nazo watu katika vijiji vilivyoanzishwa wakati ule. Desemba 1994, katika shauri maarufu la Akonaay lililotoka mkoani Arusha, Mahakama ya Rufani chini ya Jaji Mkuu Francis Nyalali ilitamka kwamba haki ya kimila juu ya ardhi ni mali inayolindwa na Katiba. Kwa maoni yangu hakuna hukumu iliyomheshimu mkulima wa nchi hii kuliko hiyo. Hata hivyo sheria ya 1999 ilibidi iweke utulivu, nayo ikathibitisha kwamba ugawaji wa ardhi uliofanywa kwa watu waliohamia au kuhamishiwa vijijini kati ya tarehe 1 Januari 1970 na 31 Desemba 1977 ni halali. Kwa hiyo muuzaji akikwambia "hapa ni kwa babu", muulize babu alikuwepo kabla ya Operesheni au aliletwa nayo, kisha kamuulize mzee jirani swali hilohilo. Majibu yao yakipishana, ahirisha malipo.

Sasa twende ufukweni, ambako hasara hujificha kwenye vipimo. Vijijini ekari hupimwa kwa hatua 70 kwa 70. Hatua ya mtu mrefu, ya sentimita 91 hivi, hutoa karibu mita 64 kila upande, na hiyo kweli ni ekari. Mpimaji mwenye hatua ya sentimita 75 atakupa mita 52 na nusu kila upande, yaani kama theluthi mbili tu ya ekari, kwa bei ya ekari nzima. Njoo na kamba au utepe wako.

Hilo ni dogo. Kubwa ni kwamba Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, kifungu cha 57, inakataza shughuli za kudumu za binadamu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa ziwa, mto au bwawa. Chukua ekari moja inayoanzia majini: kina chake ni mita 64. Ondoa mita 60. Unabaki na ukanda wa mita nne ambao ndani yake unaruhusiwa kujenga. Umenunua mandhari, na nyumba huna pa kuiweka. Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji ya mwaka 2009 nayo inalinda ukanda huohuo, kwa hiyo usitegemee kwamba ofisi moja ikisahau nyingine nayo itasahau.

Tena ukingo wenyewe uko wapi? Eyasi ni ziwa la chumvi lisilo na mto wa kulitoa maji; kiangazi hunywea na kuacha uwanda mweupe mpana, na mvua kubwa zikija hurudi. Kitangiri, linalopokea maji ya Manonga na Wembere na kuyapeleka Eyasi kupitia Sibiti, ni ziwa la kina kifupi, na ziwa la kina kifupi likipanda kidogo tu huenea mbali. Anayeoneshwa eneo mwezi wa Septemba anaoneshwa ardhi ambayo Aprili inaweza kuwa ya kambale. Hata Ziwa Victoria, kubwa kama lilivyo, Mei 2020 lilipanda hadi kuvuka rekodi iliyodumu tangu 1964, na nyumba nyingi za ufukweni zikazama katika nchi zote tatu zinazolizunguka. Waulize wavuvi maji yalifika wapi mwaka wa mvua za El Niño za 1997 na 1998, halafu hesabu mita 60 kuanzia hapo.

Udongo na maji ya kunywa nitavipitia upesi. Wasukuma huweka kaya zao kwenye luseni, udongo wa kichanga wa juu kwenye miinuko, na kuacha mbuga nyeusi kwa mpunga na pamba. Wana sababu: udongo wa mbuga huvimba ukilowa na kupasuka ukikauka, na ukuta wa tofali uliosimama juu yake hupasuka nao. Kuhusu kisima, maji ya ukanda huu yanajulikana kwa floraidi nyingi, wakati Shirika la Afya Duniani linashauri isizidi miligramu 1.5 kwa lita. Pima maji kabla ya kununua, hasa ukiwa na watoto wadogo.

Linalonigusa zaidi ni ardhi inayoonekana tupu. Ukiona pori lenye nyasi ndefu wakati kila mahali pamekwanguliwa, usidhani halina mwenyewe. Huenda ni ngitili, malisho yaliyofungwa ili mifugo ipate kula kiangazi kikikaza, utaratibu wa Wasukuma ambao mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga uliufufua kuanzia mwaka 1986, Meatu ikiwa bado sehemu ya mkoa wa Shinyanga. Njia pana isiyolimwa huenda ni mapito ya ng'ombe kwenda kunywesha. Wataturu wanachunga katika bonde hili, na Wahadzabe wanawinda na kuchimba mizizi mahali ambapo mgeni haoni hata alama ya jembe. Mwaka 2011 Wahadzabe wa bonde la Yaeda, ng'ambo ya Eyasi upande wa Mbulu, walipata hati ya hakimiliki ya kimila kwa pamoja kama jamii, jambo lililothibitisha kwamba kuitumia ardhi bila kuilima nako ni kuimiliki. Upande wa kaskazini wa wilaya kuna Jumuiya ya Hifadhi ya Wanyamapori ya Makao na Pori la Akiba la Maswa, nako tembo hawasomi mabango ya mipaka. Uliza mpango wa matumizi bora ya ardhi ya kijiji. Kama upo, ramani yake itakuonesha malisho, hifadhi na makazi. Kama haupo, tembea na wazee.

Na mke wa muuzaji yuko wapi? Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 hairuhusu nyumba ya familia kuuzwa bila ridhaa ya mwenzi, na Sheria ya Ardhi ya Vijiji inazifuta mila zinazowanyima wanawake haki juu ya ardhi. Kwenye familia ya wake wengi, shamba analokuuzia mzee huenda ndilo linalolisha nyumba ya mke mdogo na wanawe. Kaa nao wote, saini au dole gumba la kila mmoja liwe kwenye mkataba. Ni haki yao kabla haijawa kinga yako.

Msomaji ambaye umeshalipa na mkononi huna ila karatasi yenye muhuri, usisubiri mgogoro. Nenda kwa mtendaji wa kijiji wiki hii, omba nakala ya muhtasari wa kikao kilichoidhinisha ununuzi wako. Kama kikao hakikufanyika, omba kwa maandishi suala lako liingizwe kwenye kikao kijacho cha halmashauri, wakati muuzaji na mashahidi wangali hai na wangali kijijini.

Wiki ijayo: namna ya kuomba hati ya hakimiliki ya kimila, na kazi ya baraza la ardhi la kijiji.