Kumpata Fundi wa Mshipi Ugenini

Sikumaliza mwezi tangu nihamishiwe Kwale, mshipi wangu wa dukani ukakatika. Diani niliona mishipi ya shanga ya Kimasai, mizuri kwa macho. Mimi nalitaka wa kudumu.

Ndugu msomaji, aliye ugenini hamjui fundi, basi na aijue ngozi. Tazama ukingo: ukiona tabaka zilizogandishwa kwa gundi, uache. Ukunje: ukitoa nyufa, si wako. Ngozi iliyodabighiwa kwa magome ya miti huwa ngumu na hushika umbo. Zamani magome ya mikoko ya pwani hii yalipelekwa ng'ambo kwa kazi hiyo. Mwisho, angalia bizimu ilivyoshonwa.

Fundi niliyempata Msambweni alijibu yote bila kuchukia, nami nikalipa bila kunung'unika.